Metica za 1975: Mwongozo Kamili wa Kutambua, Kupima na Kutunza Sarafu za Msumbiji Ambazo Hazikutumika

Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, pesa iliyokuwa mifukoni mwa watu ilikuwa escudo, pesa ya Mreno. Hata hivyo zipo sarafu zilizoandikwa mwaka huohuo kwa pesa nyingine kabisa: metica, iliyogawanywa katika centimo 100. Ni za thamani nane, yaani centimo 1, 2, 5, 10, 20 na 50, halafu metica 1 na metica 2½. Upande mmoja una kichwa cha Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, upande wa pili una mmea na thamani. Hakuna aliyewahi kununulia mkate. Escudo iliendelea kutumika kwa miaka mitano, na ilipoondolewa tarehe 16 Juni 1980 nafasi yake ilichukuliwa na metical, si metica. Sarafu nyingi za 1975 ziliyeyushwa. Zilizosalimika ndizo zinazouzwa kwenye minada na kwenye meza za wafanyabiashara wa sarafu, nyingine kwa haki, nyingine kwa hadithi tu.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kununua metica, au aliyeikuta kwenye mkebe wa marehemu babu na anataka kujua ana nini mkononi. Njia hizihizi zinafaa kwa pesa yoyote ya nchi changa iliyoandaliwa kisha ikaachwa. Nimeichagua metica kwa sababu ni ya jirani zetu, na kwa sababu historia yake imepita Dar es Salaam na Nachingwea kabla ya kufika Maputo.

Kabla ya kushika mizani au sumaku, kuna swali moja la kujibu: sarafu hii iliishia hatua gani? Wanunuzi wengi hulipa pesa nyingi kwa kuruka swali hilo.

Hatua ya kwanza: jua sarafu iliishia wapi

Sarafu huanza kwenye karatasi. Mchoro ukikubalika, mchongaji huutengenezea kielelezo kikubwa, mara nyingi cha plasta, ambacho mashine hukipunguza hadi kufikia ukubwa wa sarafu yenyewe. Hapo hukatwa muhuri wa chuma kigumu. Muhuri hujaribiwa, pengine kwa upande mmoja tu, pengine kwa madini ambayo si yale yatakayotumika mwishoni. Wakiridhika, hupigwa sarafu chache zenye pande zote mbili ili wakubwa wa benki kuu na wa wizara wazishike, wazipime kwa macho na kuamua. Hizo chache ndizo sarafu za majaribio kwa maana kamili.

Uamuzi ukipita, oda kubwa inatolewa. Sarafu zinapigwa kwa maelfu au mamilioni, zinafungwa kwenye mifuko, zinasafirishwa. Bado hapo si pesa. Inakuwa pesa siku serikali inapotangaza kwamba kuanzia tarehe fulani ni halali kwa malipo na benki zikaanza kuitoa.

Metica ilikwama kati ya mfuko na tangazo. Ilikwisha kuvuka majaribio ikaingia kwenye utengenezaji wenyewe, lakini haikufika dirishani mwa benki. Kwa hiyo, ukiambiwa "hii ni sarafu ya majaribio, zilipigwa chache sana", uwe macho. Kwa nyingi ya metica zinazozunguka kwa wakusanyaji, maelezo sahihi ni sarafu iliyotengenezwa kwa matumizi lakini haikutolewa. Uhaba wake unatokana na kuyeyushwa, si kwamba tangu mwanzo zilipigwa chache.

Katalogi zinasaidia sana hapa, kama unajua kuzisoma. Wakusanyaji wengi duniani hutumia namba zinazoanza na KM, kutokana na majina ya Krause na Mishler walioanzisha katalogi hiyo. Namba ya kawaida, KM ikifuatwa na tarakimu, hupewa sarafu zilizotengenezwa kama pesa ya nchi. Zikiwa za majaribio, tarakimu hutanguliwa na herufi: Pn ni sarafu za mfano zilizopigwa kutafuta kibali, TS ni majaribio ya muhuri, E ni yale ambayo Wafaransa na Wabelgiji huyaita "essai", na Pr ni "prova" za Wareno. Herufi X hubeba vitu ambavyo havikuwahi kuwa pesa ya serikali yoyote: sarafu za kubuni, tokeni na mapambo ya wafanyabiashara. Metica za 1975 zimeorodheshwa kwa namba za kawaida, na idadi zilizopigwa kwa baadhi ya thamani inatajwa kuwa mamilioni. Muuzaji anayedai ya kwake ni "prova" anatakiwa akuonyeshe namba ya Pr au Pn inayolingana nayo. Asipoweza, mlipe bei ya namba ya kawaida.

Kundi la X lichunguze kwa makini zaidi, maana ndilo linalowanasa wengi. Miaka ya 2003 na 2004, nchi za Ulaya ya Mashariki zilipokuwa zinajiunga na Umoja wa Ulaya, soko lilijaa seti za "euro za majaribio" za nchi ambazo hazikuwa hata na ruhusa ya kutumia euro. Zilikuwa nzuri, zenye kisanduku, zimeandikwa "specimen" au "probe". Benki kuu za nchi hizo hazikuhusika. Zilitengenezwa na kampuni binafsi kwa ajili ya kuuzwa kwa wakusanyaji. Neno lililochongwa kwenye sarafu halithibitishi kitu. Anayetengeneza sarafu ya kubuni ana uwezo uleule wa kuchonga neno "majaribio" kama alivyo na uwezo wa kuchonga simba.

Mwaka nao si ushahidi. Ukraine ilipiga sarafu zenye mwaka 1992, lakini pesa yake mpya, hryvnia, ilianza kutumika Septemba 1996. Sarafu zilisubiri, kisha zikatumika. Metica ilisubiri, kisha ikayeyushwa. Ukizitazama kwa nje, mwanzo wa hadithi hizi mbili unafanana. Kinachozitenganisha kimo kwenye nyaraka.

Historia ya kukaa nayo kichwani

Huhitaji kuwa mwanahistoria, lakini tarehe chache zitakuokoa mbele ya muuzaji mwenye mdomo mtamu.

FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Rais wa kwanza wa chama hicho, Eduardo Mondlane, aliuawa hapohapo Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, tarehe 3 Februari 1969. Samora Machel, aliyekuwa mkuu wa jeshi na kambi ya Nachingwea, akashika uongozi. Mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974 ukaweka serikali ya mpito chini ya Joaquim Chissano. Mwaka uliofuata, Machel alivuka Ruvuma akitokea Tanzania na kuizunguka nchi kutoka kaskazini hadi kusini, na usiku wa uhuru akaitangaza Jamhuri ya Watu wa Msumbiji. Mji mkuu ulikuwa bado unaitwa Lourenço Marques. Jina la Maputo lilikuja Februari 1976.

Benki kuu, Banco de Moçambique, ilianzishwa Mei 1975, ikichukua kazi ya kutoa pesa kutoka Banco Nacional Ultramarino ya Wareno. Mwaka 1976 noti za zamani za escudo zilipigwa maandishi ya juu yenye jina la benki mpya na kurudishwa kwa wananchi. Noti hizo ni rahisi kupatikana na bei yake si kubwa. Namshauri kila anayekusanya metica awe nayo moja, kwa sababu inaonyesha nchi ilivyoishi katika miaka ambayo metica ilikuwa imeandaliwa na haitolewi: picha ya mkoloni kwenye noti, jina la benki ya taifa huru juu yake.

Tarehe ya kuanza kwa metical, 16 Juni 1980, ilichaguliwa kwa makusudi. Siku kama hiyo mwaka 1960, huko Mueda kwenye uwanda wa Wamakonde, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya msimamizi wa wilaya. Miongoni mwa waliokwenda kuzungumza na msimamizi siku hiyo walikuwemo Wamakonde waliotokea Tanganyika. Miaka ishirini baadaye, siku hiyohiyo, nchi ikaizika escudo. Kwa familia nyingi za Mtwara na Newala, Mueda ni kwa shangazi na wajomba, si kitu cha kusoma kitabuni.

Ukisikia muuzaji anakupa sababu moja iliyonyooka ya kwa nini metica iliachwa, mwombe waraka. Miaka ile Wareno walikuwa wanaondoka kwa makundi, mpaka na Rhodesia ulifungwa Machi 1976, vita vilikuwa vinaanza upya. Hadithi ya sentensi moja ni ya kuuzia.

Hatua ya pili: soma maandishi herufi kwa herufi

Hatua hii haina gharama na huchuja udanganyifu na makosa mengi. Chukua lenzi inayokuza mara kumi, ile ya sonara au ya fundi saa, na taa moja ya pembeni.

Kwanza, jina la nchi. Kuanzia 1975 hadi katiba ya 1990, nchi ilikuwa República Popular de Moçambique. Sarafu inayodai kuwa ya 1975 huku ikisema República de Moçambique tu, bila neno "Popular", ina jambo la kujieleza.

Pili, jina la pesa. Hapa ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia, pengine bila muuzaji mwenyewe kujua. Pesa ya 1975 ni METICA, ikiwa zaidi ya moja ni METICAS. Pesa ya 1980 ni METICAL, wingi wake METICAIS. Senti ya 1975 ni CENTIMO; ya 1980 ni CENTAVO. Kipande cha metica 2½ na kipande cha meticais 2½ ni vitu viwili tofauti kwa bei na kwa historia. Cha 1980 ni cha alumini na kina meli bandarini. Kilitumika mitaani na si adimu.

Zikumbuke picha za mfululizo wa 1980 ili usichanganye. Senti 50 ina timbila, ile marimba ya Wachopi. Metical 1 ina mwanafunzi wa kike. 5 ina trekta. 10 ina majengo ya viwanda. 20 ina kifaru cha kivita. Upande wa pili wa zote ni nembo ya taifa. Hakuna kichwa cha Machel hapo. Kwa hiyo kanuni ya haraka ni hii: kichwa cha Machel, mmea, mwaka 1975 na neno CENTIMO au METICA. Kimoja kikikosekana, rudisha sarafu mezani.

Tatu, umbo la herufi. Tazama alama ya chini ya Ç katika MOÇAMBIQUE. Kwenye sarafu iliyopigwa kwa muhuri halisi, mkia huo ni mkali na umetengana vizuri na mandhari. Kwenye nakala iliyomiminwa kwenye kalibu, mkia huvimba na kuungana na C, kama wino uliosambaa. Fanya hivyohivyo kwa nafasi ndogo ndani ya herufi A, B na R.

Hatua ya tatu: pima

Vifaa vinne vinatosha: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo na unene, sumaku yenye nguvu, na kikombe cha maji. Mizani ya jikoni haifai, maana haioni tofauti tunazozitafuta.

Anza na sumaku. Centimo 1 ni ya alumini. Centimo 2, 5 na 10 ni za shaba iliyochanganywa na zinki, zenye rangi ya manjano. Kuanzia centimo 20 hadi metica 2½ ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na nikeli, wenye rangi ya fedha. Hakuna hata moja kati ya hizi inayopaswa kunata kwenye sumaku. Watu hushangaa kuhusu nikeli, kwa kuwa nikeli tupu hunata. Ila ikiwa ni robo tu ndani ya shaba, hainati. Sarafu ikinata, ina chuma au nikeli tupu ndani, na hadithi imeishia hapo.

Kisha uzito na kipenyo. Andika ulichokipata, linganisha na katalogi, na ikiwezekana linganisha na sarafu ya thamani hiyohiyo ambayo asili yake inajulikana. Tofauti ya asilimia moja au mbili ni ya kawaida kwa sarafu zilizopigwa kwa wingi. Tofauti ya asilimia kumi si ya kawaida.

Kipimo ninachokiamini zaidi, na ambacho watu wengi hawakifanyi, ni cha densiti. Hiki hakidanganywi kwa rangi wala kwa uzito uliopatiwa kwa bahati. Fanya hivi:

1. Pima sarafu ikiwa kavu. Andika gramu zake.
2. Weka kikombe cha maji safi juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Maji yaliyochemshwa yakapoa ni bora, kwa sababu hayana viputo vingi.
3. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uishushe majini hadi izame yote, bila kugusa chini wala pembeni. Vikiwemo viputo, itikise taratibu vitoke.
4. Soma mizani. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, ambao ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo.
5. Gawanya namba ya kwanza kwa namba ya pili.

Tuseme kipande cha rangi ya fedha kina gramu 9.00 kikiwa kavu, na ndani ya maji mizani inasoma 1.01. Ukigawanya unapata 8.91. Mchanganyiko wa shaba na nikeli una densiti ya karibu 8.9, kwa hiyo kimefaulu. Ungepata 7 au chini kidogo, ungejua ni aloi ya zinki, chakula cha watengeneza nakala. Shaba yenye zinki huwa kati ya 8.4 na 8.7 hivi. Alumini ni 2.7.

Kwa centimo 1 ya alumini uwe mpole na majibu. Ni nyepesi mno, na kosa la gramu 0.01 kwenye namba ndogo hugeuka kubwa. Kipande cha gramu 0.80 kikisukuma maji gramu 0.30 kinatoa 2.67, mizani ikisoma 0.31 unapata 2.58. Majibu yote mawili ni alumini. Unachotafuta hapo ni kuthibitisha kwamba si zinki wala chuma, si kupata desimali kamili.

Ukimaliza, kausha sarafu kwa kuigandamiza taratibu kati ya karatasi laini mbili. Usisugue. Hata kitambaa cha pamba huacha mikwaruzo kwenye sarafu mpya, na mikwaruzo hiyo mnunuzi wa kesho ataiona.

Wakati mwingine utaletewa metica "ya fedha" au "ya dhahabu". Densiti itakupa dalili kama ni fedha safi, 10.5, au dhahabu safi, 19.3. Haitakuambia nani aliipiga. Sonara yeyote mwenye kipande cha fedha na mashine ya kubana anaweza kutoa kitu, na fedha halisi haifanyi sarafu kuwa halisi. Hapo rudi kwenye namba za katalogi.

Hatua ya nne: tazama uso chini ya taa

Zima taa kubwa ya chumba. Bakiza balbu moja, ishike sarafu kwa ukingo, izungushe taratibu. Sarafu iliyopigwa kwa muhuri na ambayo haijatumika hutoa mwanga unaozunguka na kuufuata mkono wako, kwa sababu madini yalisukumwa kutoka katikati kwenda pembeni na kuacha mistari midogo sana isiyoonekana kwa jicho tupu. Nakala iliyomiminwa haina mwanga huo. Uso wake ni mfu, na ukiweka lenzi utaona vitundu vidogo vya hewa, hasa kwenye sehemu tambarare mbele ya uso wa Machel.

Geuza ukingo. Nakala nyingi huwa na mstari wa kuungana kwa nusu mbili za kalibu, au alama za tupa iliyotumika kuufuta mstari huo. Pitisha ukucha.

Sasa jambo ambalo ni la sarafu za aina hii pekee. Metica haikutumika. Haikukaa mifukoni na funguo, haikupita mikononi mwa wauza samaki wa Pemba wala wa Beira. Kwa hiyo metica iliyochakaa, yenye nywele za Machel zilizofutika na ukingo uliolainika, inaleta swali kubwa. Huenda mtu aliibeba kama kumbukumbu kwa miaka mingi. Hilo linawezekana na lina utu wake. Lakini mara nyingi uchakavu hutengenezwa ili kuficha sura mbovu ya nakala. Kwa sarafu iliyotumika, uchakavu hutuliza moyo wa mnunuzi. Kwa metica unatakiwa uongeze shaka.

Madoa ni habari nyingine. Sarafu halisi iliyokaa Pwani inaweza kuwa na madoa meupe kwenye alumini na ukijani kwenye shaba, na bado ni halisi.

Hatua ya tano: kununua

Sehemu kubwa ya biashara ya sarafu za Msumbiji iko Ureno, kwa sababu wakusanyaji wa huko hufuatilia makoloni yao ya zamani. Tafuta kwa Kireno, utapata vitu ambavyo matangazo ya Kiingereza hayana. "Moeda" ni sarafu. "Latão" ni shaba ya manjano, "cuproníquel" ni ile ya shaba na nikeli, "bordo" ni ukingo. "Réplica" na "cópia" maana yake inajieleza, na huwa yameandikwa chini kabisa ya tangazo kwa herufi ndogo. Tofautisha "não emitida", haikutolewa, na "não circulada", yaani haina dalili ya kutumika. La kwanza linaeleza historia ya pesa, la pili linaeleza hali ya kipande hicho. Daraja za hali ya sarafu kwa Wareno hupanda kutoka BC ("bem conservada", iliyotunzwa vizuri) na MBC (iliyotunzwa vizuri sana) hadi Bela, Soberba, na juu kabisa FDC, yaani kama ilivyotoka kwenye muhuri.

Omba picha za pande zote mbili na ya ukingo. Omba moja sarafu ikiwa juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo kwa mkono. Picha za matangazo huibwa kila siku, na mtu asiye na sarafu hawezi kukupa hiyo. Omba uzito kwa desimali mbili. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika amekupunguzia kazi. Usitume pesa kwa simu kwa mtu usiyemjua kwa ahadi ya kutumiwa mzigo baadaye, hata akikuita kaka mara kumi.

Kwa kipande cha bei kubwa, nunua kilichokwisha kupimwa na kufungiwa kwenye kasha na kampuni za upangaji daraja, PCGS au NGC. Makasha nayo hughushiwa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na linganisha picha yao na sarafu iliyo mbele yako: doa kwa doa, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Kuhusu ununuzi wa seti nzima kwa mpigo, maoni yangu ni kwamba usianze hivyo. Anza na thamani ndogo, zenye bei ya chini, ujifunze kwa kushika. Kipande kimoja halisi cha centimo, ukikipima na kukitazama hadi ukizoee, kitakufundisha kuliko picha mia moja. Halafu panda polepole kuelekea metica 1 na 2½.

Hatua ya sita: kutunza, hasa ukiwa Pwani

Usisafishe. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa Brasso. Sarafu iliyong'arishwa imepoteza uso wake wa asili, na hakuna njia ya kuurudisha. Kitu kimoja tu kinaruhusiwa: kama kuna utelezi wa kijani unaonata, uliotokana na vifuko vya plastiki laini, loweka sarafu kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, kisha iache ikauke yenyewe. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi imeongezwa mafuta na manukato, haifai. Asetoni hushika moto haraka, kwa hiyo fanyia kazi nje, mbali na jiko.

Vifuko laini vya PVC ndivyo adui mkubwa kuliko chumvi ya bahari. Tumia fremu za karatasi zenye dirisha la plastiki ngumu, au vidonge vya plastiki vya ukubwa wa sarafu. Mtu anayeishi Dar, Mombasa, Unguja au Muscat aongeze vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwenye chombo kinachofunga vizuri, na avibadilishe vikishalewa unyevu.

Centimo 1 ya alumini usiiweke ikagusana na za shaba. Penye unyevu kidogo, madini hayo mawili yakigusana alumini ndiyo inayoliwa, na utakuta unga mweupe pale palipokuwa na uso laini. Kila kipande kiwe na fremu yake.

Shika kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, ukiwa umekaa. Jasho la kidole huacha alama ambayo baada ya miezi inageuka doa la kudumu.

Hatua ya saba: andika

Kwa kila kipande tunza kadi: thamani, uzito, kipenyo, densiti uliyoipata, namba ya katalogi, umeinunua wapi na lini, na mtu aliyekuuzia alisema aliipata wapi. Kama ni ya familia, mkae chini na wazee mapema, muwaulize iliingiaje nyumbani. Wapo waliofanya kazi bandarini, wapo waliokuwa Nachingwea, wapo waliovuka Ruvuma mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Andika maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na tarehe ya mazungumzo, hata kama hadithi haikubaliani na katalogi. Maelezo hayo yasiguswe. Ya kwako yaandike upande wa nyuma wa kadi.

Ukifika Maputo, pita Casa Amarela, nyumba ya manjano ya kale iliyo na makumbusho ya taifa ya pesa. Nenda na kadi zako na vipimo vyako, uziache sarafu zenyewe nyumbani. Uliza kuhusu pesa za miaka ya 1975 hadi 1980, na uchukue muda wa kutosha mbele ya noti za escudo zenye maandishi ya juu kabla hujahamia kwenye metical.